UZI: Zonnestraal, hospitali ya kifua kikuu iliyojengwa kwa vipande vya shaba vya wakata almasi

Mkadiriaji:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkadiriaji majenzi, kazi yangu ni kuhesabu gharama za majengo. Mwaka juzi nilikwenda Uholanzi kwa kozi ya wiki sita, na Jumamosi moja nikapanda treni kutoka Amsterdam hadi Hilversum kuliona jengo ambalo nilikuwa nimelisoma tangu chuoni. Tangu nirudi nimekuwa nikitaka kuwasimulia, kwa sababu sijawahi kuona jengo ambalo bei yake inaonekana wazi hivi katika kila nguzo.

Tuanze na shaba. Mkata almasi wa Amsterdam, miaka ya mwanzo ya 1900, hakuwa akiishika almasi kwa mkono. Jiwe lilibanwa kwa risasi ya kulehemu ndani ya kikombe kidogo cha chuma, na kikombe kile kilikuwa na shina la shaba. Alipotaka kusaga upande mwingine wa jiwe, alilikunja lile shina kidogo ili jiwe likae kwa pembe nyingine juu ya gurudumu. Anakunja, anasaga, anakunja tena. Ukikunja waya kila siku, mnajua mwisho wake. Shina linakatika, na kipande kinatupwa sakafuni.

Bwana mmoja kutoka chama cha wafanyakazi wa almasi, Jan van Zutphen, aliviona vile vipande kuwa fedha. Mwaka 1905 ulianzishwa mfuko ulioitwa kwa Kiholanzi Koperen Stelenfonds, yaani Mfuko wa Mashina ya Shaba. Mabaki yalikusanywa kwenye viwanda, yakauzwa, na fedha zikatumika kuwatibu wanachama wenye kifua kikuu. Chama chenyewe kilianzishwa mwaka 1894 chini ya Henri Polak, na kilikuwa na nguvu hasa. Mwaka 1911 kilipata siku ya kazi ya saa nane, wakati wafanyakazi wengi wa Ulaya walikuwa bado wanaiota.

Mwaka 1919 wakanunua shamba lenye msitu na nyasi nje ya Hilversum. Walilipa jina Zonnestraal, maana yake mwali wa jua.

Nitaendelea, ngoja nimalize kuwahudumia wanangu chakula.

Bint Tanga:

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Ila nina swali, kaka. Kwa nini wakata almasi hasa? Almasi ni kazi ya watu wasafi, wanaokaa mezani. Ningetegemea wachimba migodi.

Mkadiriaji:

Dada, swali zuri. Hicho kiti cha mezani ndicho kilichowaua. Vyumba vya kusagia vilijaa watu, hewa ilikuwa nzito, vumbi lilizunguka, na mtu alikaa ameinama siku nzima kifua kimebanwa. Kifua kikuu kinaenezwa kwa hewa. Mmoja akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa, vijidudu vinabaki vikielea na wenzake wanavivuta. Robert Koch alikitambulisha kijidudu chenyewe mwaka 1882, lakini kukijua adui na kuwa na silaha ni mambo mawili. Kwa zaidi ya miaka 60 baada ya hapo madaktari walijua nini kinaua, na hawakuwa na dawa ya kukiua.

Kilichobaki ni jua, hewa safi, chakula kizuri na kupumzika. Ndiyo maana zikazuka sanatoriamu, yaani hospitali za wagonjwa wa kifua kikuu, Ulaya nzima, milimani na misituni. Mgonjwa alilazwa miezi, wakati mwingine miaka, kitanda chake kikisukumwa hadi barazani hata wakati wa baridi, amefunikwa mablanketi, uso tu uko nje.

Na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hulipita. Mwanga wa jua una mionzi inayoua vijidudu, lakini kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Chumba kinaweza kung'aa kama tanuri na mgonjwa asipate kile daktari alichokitaka. Kwa hiyo dirisha kubwa peke yake halikutosha. Ilibidi kila chumba kiwe na mlango wa kumtoa mtu nje kabisa, na kitanda kipite. Ukishalijua hilo, ramani za sanatoriamu zote utazielewa.

Nesi Mstaafu:

Mwanangu, umenikumbusha mbali. Nimefanya kazi wodi ya kifua miaka mingi. Nilipoanza, matron wetu alikuwa anapita asubuhi na kitu cha kwanza hakuwa anauliza dawa, anauliza "madirisha?" Yakiwa yamefungwa, siku hiyo imeharibika. Endelea, nakusoma kwa miwani.

Mkadiriaji:

Shikamoo mama. Asante kwa kunifuatilia. Sasa nifike kwenye jengo.

Mchoraji mkuu alikuwa Jan Duiker, aliyezaliwa 1890, akishirikiana na Bernard Bijvoet, na kwenye hesabu za zege akasaidiwa na mhandisi Jan Gerko Wiebenga, aliyewahi kufanya kazi Marekani na kurudi na ujuzi wa zege la nondo. Jengo kuu na wodi ya kwanza vilifunguliwa tarehe 12 Juni 1928. Wodi ya pili ilifuata mwaka 1931. Walipanga wodi nne, zikajengwa mbili, Ter Meulen na Dresselhuys.

Jengo kuu liko katikati. Chini kuna vyumba vya daktari, jiko na mitambo ya kupashia maji moto. Juu yake kuna ukumbi mmoja wa kulia, umezungukwa na vioo pande zote, na nje yake kuna mabaraza ya paa. Wodi ziko pembeni. Kila wodi ina mikono miwili yenye ghorofa moja juu, nayo imewekwa kwa pembe ili mkono mmoja usiukingie mwingine jua wala mandhari. Korido iko upande wa kaskazini, vyumba vyote upande wa kusini, na mbele ya kila chumba kuna baraza. Kila mgonjwa na chumba chake. Fikirieni mtu aliyetoka kwenye nyumba za Amsterdam za wakati ule, familia nzima chumba kimoja, anapewa chumba cha peke yake chenye ukuta wa kioo na msitu mbele yake.

Nilisimama kwenye korido ya kaskazini ya jengo moja na nikaangalia mahali boriti linapotoka nje ya nguzo. Kwenye nguzo boriti ni nene. Linavyokwenda ukingoni linapungua, linapungua, hadi mwishoni, pale ambapo halibebi chochote zaidi ya uzito wake, linakuwa jembamba mno. Nililipima kwa kiganja na moyo ukanienda mbio. Duiker aliweka zege pale tu nguvu inapopita. Pasipo na nguvu, hakuna zege. Ukuta haubebi kitu, kwa hiyo hakujenga ukuta: amesimamisha kioo kwenye fremu nyembamba za chuma zenye rangi ya samawati hafifu, na mahali panapohitaji kufichwa amepiga plasta ya saruji juu ya wavu wa chuma, sentimita chache tu.

Watu huliita jengo la kisasa kana kwamba wembamba ni mtindo. Mimi nalisoma kama mkadiriaji. Mteja wake alikuwa mfuko uliojazwa na vipande vya shaba vilivyookotwa sakafuni. Kila kilo ya saruji ambayo haikuwa na kazi ilikuwa shaba ya mtu. Duiker aliandika baadaye juu ya uchumi wa roho, kwamba kutumia kidogo kabisa kunakotosha ni jambo la heshima kuliko la ubahili. Kwenye lile boriti nilimwelewa.

Fundi Zege:

Mkuu, nakuheshimu, lakini naomba nipinge kidogo. Mimi nimemwaga zege miaka 22. Hizo "sentimita chache" ndizo kifo cha jengo. Nondo inataka kufunikwa vizuri. Ukibana, maji na hewa vinafika, kutu inavimba, zege linabanduka vipande. Na fremu za chuma nyembamba kwenye nchi ya mvua kama Uholanzi? Hilo jengo lilikuwa lioze.

Mkadiriaji:

Fundi, umesema kweli tupu, na lilioza.

Ila Duiker alilijua. Yeye na wateja wake waliamini kuwa kifua kikuu kingeshindwa ndani ya miaka 30 hivi. Sanatoriamu ni jengo lenye kazi moja. Kazi ikiisha, jengo liishe. Kwa nini uwatoze wafanyakazi fedha ya kujenga kitu cha miaka 200 wakati wewe na wao mnaomba kisihitajike baada ya 30? Kwa hiyo ule wembamba una hesabu ya pili ndani yake, hesabu ya muda. Sijawahi kukutana na mteja mwenye ujasiri huo, wa kujenga hospitali akitamani ifungwe.

Wapo waliokisia wakakosea. Hawa walikisia wakapatia karibu kabisa. Dawa ya kifua kikuu ya streptomycin iligunduliwa mwaka 1943, nyingine ya isoniazid ikaingia mwaka 1952, na mwaka 1957 Zonnestraal ikageuzwa kuwa hospitali ya kawaida. Miaka 29 tangu ifunguliwe.

Lipo jambo moja zito ambalo siwezi kulipita. Wakata almasi wengi wa Amsterdam walikuwa Wayahudi. Jengo lao liliwahi kuuona ushindi wa dawa, lakini wengi wa watu ambao shaba yao ililijenga hawakuuona. Ujerumani iliikalia Uholanzi kuanzia 1940 hadi 1945, na sehemu kubwa ya Wayahudi wa mji ule walisafirishwa kwenda kuuawa. Duiker mwenyewe alikwishafariki mwaka 1935 akiwa na miaka 44. Hoteli ya Gooiland, pale pale Hilversum, aliiacha njiani na Bijvoet akaimalizia.

Mjengoni Nakuru:

Ndugu Mkadiriaji, hongera kwa uzi. Mimi ni mchora ramani, na naomba kuongeza jengo la Finland, kwa kuwa majengo haya mawili yana udugu. Mwaka 1928 msanifu Alvar Aalto alisafiri Uholanzi na kuiona Zonnestraal. Muda mfupi baadaye akashinda shindano la kujenga sanatoriamu ya Paimio, karibu na Turku, na ikafunguliwa 1933.

Kilichonigusa kwa Aalto ni kwamba alijiuliza mgonjwa amelala vipi. Mtu mwenye afya hutazama ukuta, mgonjwa wa kifua hutazama dari mchana kutwa. Basi dari akalipaka rangi ya kijani tulivu, na taa akaziweka pasipomchoma macho. Vyumba vilikuwa vya watu wawili, kila mmoja na beseni lake la kunawia, na beseni lile lilipinda kwa namna ambayo maji yanateleza bila kelele, ili anayenawa usiku asimwamshe mwenzake. Vitasa vya milango navyo viliumbwa ili mkono wa koti la daktari usinase. Na kiti cha Paimio, cha mbao za mbetula zilizopindwa, mgongo wake umelazwa kumsaidia mgonjwa kupumua. Hadi leo kinauzwa.

Duiker alihesabu zege, Aalto alihesabu usingizi.

Mkadiriaji:

Ndugu wa Nakuru, asante sana. Nakubaliana nawe juu ya Aalto, ingawa moyo wangu unabaki Hilversum. Paimio ilijengwa na miji na vijiji kwa fedha za umma. Zonnestraal waliijenga wenye ugonjwa wenyewe.

Na kwa Duiker pia mgonjwa hakusahaulika, ila alimwangalia akiwa ameinuka. Zonnestraal ilikusudiwa iwe mahali pa kurudishia watu kazini. Mtu akipata nafuu alipelekwa karakana, anafanya useremala au bustani kwa saa chache, daktari anazipima nguvu zake na kuziongeza kidogo kidogo. Walijua kinachompata aliyepona kisha akarudi ghafla kwenye saa nane za kazi. Anarudi wodini.

Kijana wa Mbagala:

Wakubwa, samahani kama nakosea. Lakini jengo lilijengwa life, limekufa. Sasa kwa nini walitumia hela kulifufua? Si wangeliacha liende, kama alivyotaka mwenyewe?

Mkadiriaji:

Kijana, hujakosea kabisa. Swali lako liliwasumbua hata walioliokoa.

Baada ya 1957 hospitali iliongeza majengo huku na kule, ikaziba mabaraza, ikabadilisha madirisha. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ilikuwa gofu. Vioo vilivunjika, fremu zikaliwa na kutu, miti ikaota karibu na wodi. Wasanifu wawili, Hubert-Jan Henket na Wessel de Jonge, walifanya utafiti juu yake na wakakutana na swali lako hilo hilo. Kutoka humo wakaanzisha, mwaka 1988 mjini Eindhoven, shirika la Docomomo la kutunza majengo ya kisasa ya karne ya 20, ambalo leo lina matawi nchi nyingi. Kwa hiyo gofu moja la sanatoriamu limeokoa majengo mengine mengi duniani.

Jengo kuu lilikamilika kukarabatiwa mwaka 2003. Niwape mfano mmoja wa kazi ilivyokuwa. Kioo cha zamani kilitengenezwa kwa kuvutwa, hivyo kina mawimbi madogo. Ukikitazama kwa upande, miti inayojiakisi inacheza. Kioo cha leo ni bapa kabisa kama maji ya beseni, na kwenye jengo ambalo karibu lote ni kioo, ukiweka cha leo unapata jengo lingine. Walitafuta kiwanda kinachovuta kioo kwa njia ya zamani wakakipata Lithuania. Niliyaona mawimbi yale kwa macho yangu. Upepo ulikuwa umetulia, na bado misonobari kwenye kioo ilitikisika nilipokuwa natembea.

Jibu langu kwako ni hili. Duiker alikuwa na haki ya kusema jengo life, kwa sababu alikuwa anawalindia wagonjwa fedha zao. Waliokuja baadaye hawakuchukua shaba ya mgonjwa hata mmoja. Na palipobaki mahali pa kuonyesha jinsi fedha za watu wa chini zilivyotunzwa hadi sentimita ya mwisho, mimi naona lilistahili kioo cha Lithuania. Sasa lina kliniki na ofisi za huduma za afya. Watu wanaingia na kutoka wakiwa na bahasha zao za vipimo.

Fundi Zege:

Hapo kwenye fedha za watu wa chini nimekuelewa. Nimejenga zahanati ambazo nguzo zake zingebeba daraja, na hela ya madirisha ikakosekana.

Bint Tanga:

Kaka, ulisema mwanzo kwamba tangu urudi umekuwa ukitaka kutusimulia. Nahisi kuna kitu hujasema.

Mkadiriaji:

Dada umenishika.

Baba yangu alilazwa kwa kifua kikuu miaka ya 1960, kabla sijazaliwa. Mwaka na nusu. Mama alikuwa anapanda basi mara moja kwa mwezi kumwona, anasimama nje ya dirisha, wanaongea kupitia wavu. Kwetu palikuwa na Kibong'oto, kule mteremko wa Kilimanjaro, tangu 1926, kwa mawazo yale yale ya mlima na hewa, ingawa baba hakulazwa huko. Miezi 18 ndiyo ilikuwa dozi. Mtu anapoteza shamba, anapoteza kazi, wengine walipoteza wake.

Kilichoimaliza miezi 18 kilipitia kwetu. Mwaka 1959 utafiti wa Madras, India, ulionyesha kwamba mgonjwa anayemeza dawa akiwa nyumbani anapona kama anayelazwa sanatoriamu. Hapo mabaraza yote yale ya Ulaya yakapoteza kazi. Kisha kuanzia 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia wakashiriki majaribio makubwa ya taasisi za utafiti wa tiba za Afrika Mashariki na Uingereza. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1972. Dozi ya miezi 6 yenye dawa ya rifampicin ilifanya kazi sawa na ya miezi 18. Baadaye Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia ambaye mwenyewe alipata kifua kikuu akiwa mfungwa kwenye kambi ya Mauthausen, alikuja Tanzania, na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza 1977 ukawa mfano ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza. Ofisi yake ilikuwa The Hague, Uholanzi, mwendo wa treni kutoka Hilversum.

Nilipokuwa nimesimama kwenye lile baraza tupu nilimfikiria mama yangu kwenye wavu. Nilitaka tu mjue kwamba mabaraza yale hayakuzimwa na Wazungu peke yao.

Nesi Mstaafu:

Mwanangu, nimesoma hili la mwisho mara tatu.

Miaka ile ya sabini mwanzoni nilikuwa nesi mdogo. Tulikuwa na wagonjwa waliowekewa alama kwenye faili, na kwao tulichukua makohozi kila mwezi bila kukosa, hata baada ya kuruhusiwa. Walikuja kwa miguu. Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi, hakukosa hata mara moja, anafika kabla ya jua, anakaa kwenye ngazi na kikopo chake kimefunikwa kwa jani la mgomba ili kisipate vumbi njiani. Sisi tuliandika namba kwenye kikopo, tukapanga kwenye boksi la mbao, na gari la maabara lilipita saa nne. Hakuna aliyetuambia vinakwenda kufanya nini. Yule mzee naye aliniuliza siku moja, nikamjibu, "Baba, ni za kupimwa tu." Akasema sawa, na mwezi uliofuata akaja tena.